Daftari Liko Sawa

Kazi yangu kwa miaka ishirini na sita imekuwa kugawanya. Nachukua bei za hisa za kampuni kumi, najumlisha, nagawanya kwa namba moja, na jibu linatangazwa redioni kana kwamba limejiteremkia lenyewe kutoka mbinguni. "Fahirisi ya soko la hisa leo imefunga kwenye pointi mia nane." Anayesikiliza huku anapiga pasi hajui kwamba kuna mwanamke ghorofa ya tatu, chumba cha mwisho kabla ya choo, mwenye penseli iliyotafunwa. Wala sikutaka ajue. Nilichotaka mimi ni kiti kimoja tu, cha mkuu wa kitengo. Nitaeleza nilivyokikosa na nilivyokipata, nanyi mnicheke mkipenda.

Ile namba ya kugawanyia tunaiita kigawanyo. Soko lilipofunguliwa kilikuwa kumi, kwa sababu kampuni zilikuwa kumi. Wastani wa kawaida, hesabu ya darasa la tano. Lakini kampuni zina tabia ya kukata hisa zao. Hisa ikishakuwa ghali mno kwa mtu wa kawaida, kampuni inaikata vipande viwili: leo una hisa moja ya mia mbili na arobaini, kesho unaamka na mbili za mia na ishirini kila moja. Hujapata kitu, hujapoteza kitu. Ila jumla ya zile bei kumi imepungua, na ukiigawanya kwa namba ya jana, fahirisi inaporomoka, na watu wanakimbilia kuuza wakidhani soko limekufa. Kwa hiyo unakipunguza kigawanyo kwa uwiano uleule, ili jibu libaki palepale. Baada ya miaka yote hiyo ya kukatwakatwa, kumi yetu ilikuwa imefika tatu. Vijana wa ofisini walinibandika jina la Bibi Kigawanyo. Nadhani walikuwa wananitania, lakini sikuona uongo wao.

Hayo yote niliwahi kumweleza mtoto wa marehemu mdogo wangu alipokuwa na miaka kumi. Aliniuliza nafanya kazi gani, nikauweka mkate mezani nikaukata katikati.

"Mkate umeongezeka?"

"Hapana."

"Umepungua?"

"Hapana." Akaangalia kisu. "Sasa wewe kazi yako nini hapo?"

"Kufanya asiyekuwepo asijue kwamba umekatwa."

Alicheka sana, kisha akala vipande vyote viwili.

Alinifikia akiwa na miaka sita, na sanduku la bati, na kikohozi kilichochukua mwezi mzima kupona. Kwa hesabu ya ukoo mimi ni mama yake mkubwa. Hakuniita hivyo hata siku moja. Wiki ya pili tu, bila kufundishwa na mtu, aliniita mama, nami nikaitika, na hapo mambo yakaisha. Sikuzaa mwingine. Wanasema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na mimi ile isiyo kazi sikupewa, nikapewa kazi yenyewe. Nikamsomesha hadi shahada ya pili. Alipomaliza, barua yake ya kuomba kazi niliibeba mimi mwenyewe, kwenye mkoba wangu, hadi mezani kwa Mkurugenzi.

Mkurugenzi wetu ni mtu wa kengele. Kila asubuhi saa tatu kamili anasimama ukumbini, tai imebana shingo, anaigonga kengele ya kufungua soko kwa mkono wake mwenyewe, na kama kuna mpiga picha anaigonga mara mbili. Mkimuuliza fahirisi inakokotolewaje atawajibu kwamba hayo ni ya kitaalamu. Debe tupu haliachi kuvuma, na letu lilikuwa na ofisi yenye kapeti.

Kuna jambo moja la fahirisi yetu ambalo wengi hawalijui, na mimi liliniuma mapema. Uzito wa kampuni haupimwi kwa ukubwa wake. Unapimwa kwa bei ya hisa yake moja. Tuna kiwanda cha kufuli chenye wafanyakazi sitini, hisa yake moja mia sita. Tuna benki yenye matawi kila mji, hisa yake arobaini. Kufuli zikipanda asilimia kumi, fahirisi inaruka pointi ishirini. Benki ikipanda asilimia kumi hiyohiyo, inasogea pointi moja na kitu. Benki ibebe nchi nzima mgongoni, hakuna atakayegeuza shingo. Nilikuwa nikilieleza hilo kwa wanafunzi waliotutembelea, huku nikimwangalia Mkurugenzi pembeni ya jicho, naye anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Mkuu wa kitengo alipostaafu, nilikaimu nafasi yake miaka miwili. Nilikaa kwenye kiti chake, nikajibu simu zake, nikalipwa mshahara wangu. Mwisho wa miaka miwili ikaja barua. Cheo alipewa mwanangu. Bei ya hisa yake moja ilikuwa juu, na mimi nilikuwa benki.

Jioni ile alikuja nyumbani kabla hata hajavua viatu vya kazi. Alisimama mlangoni.

"Mama, mimi sikuomba. Wameniita tu. Nikikataa watamleta mtu wa nje."

"Chukua, mwanangu. Kwani mimi na wewe kuna tofauti?"

"Kweli huna kinyongo?"

"Kinyongo cha nini? Kaa ule."

Nilimpakulia nyama ya juu. Mkono ulifanya kazi yake na mdomo ulifanya kazi yake, lakini rohoni nilikuwa nimeungua kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Nilisema moyoni asante ya punda ni mateke, ingawa nilijua hakuna teke lililopigwa. Mtoto hakuwa na kosa. Hilo ndilo lililonichosha, kwa sababu mtu asiye na kosa huwezi hata kumgombeza.

Wakati huo ofisi ilikuwa imeletewa mashine mpya ya kukokotoa fahirisi. Zamani kampuni ikikata hisa, mimi napiga hesabu kwenye daftari, napata namba ya marekebisho, naiingiza, mashine ya zamani inaizidisha na kigawanyo kilichomo. Hii mpya ilikuwa bado inafundishwa, ndivyo alivyosema fundi wake, kijana mpole mwenye begi la nyaya. Na kampuni ya saruji ilikuwa imetangaza kukata hisa yake vipande viwili, kuanzia Jumatatu asubuhi. Lingekuwa zoezi la kwanza la mwanangu katika kiti kile. Mkurugenzi alishamwambia usoni kwamba analitazama kwa macho mawili.

Ijumaa saa tisa mchana, fundi alinikuta peke yangu. Mkuu wa kitengo alikuwa kikaoni.

"Mama, nimemaliza," alisema akikunja nyaya. "Ile saruji nimeshaiingiza. Jumatatu asubuhi mashine itakirekebisha kigawanyo yenyewe. Nyinyi msiguse kitu. Mkiingiza tena ile namba yenu ya mkono, mtakuwa mmerekebisha mara mbili."

"Sawa."

"Utamwambia mkuu, eti? Mimi leo nasafiri."

"Nitamwambia."

Nataka ieleweke kwamba wakati ule nilikuwa namaanisha. Mwanangu alirudi kutoka kikaoni saa kumi na moja akiwa mbiombio, amebeba mafaili, akanipungia mkono kwenye ngazi. Nikasema nitamwambia Jumapili.

Jumapili alikuja na boksi la vifaa kutengeneza bomba la jikoni lililokuwa likidondosha. Alilala chini ya sinki, miguu nje, anaongea huku bisibisi iko mdomoni. Sentensi nilikuwa nayo ulimini. Fundi kasema msiguse kitu. Maneno manne. Hata mtoto wa chekechea angeyabeba asiyamwage.

"Unajua, mama," sauti yake ilitoka chini ya sinki, "kitengo changu nataka kikae vizuri. Nataka tuache mambo ya madaftari. Lako tutalihifadhi, tuliweke kwenye kioo pale mapokezi, wageni walione."

Kitengo changu. Daftari langu kwenye kioo, kama mjusi wa makumbusho. Nilisimama na kikombe mkononi na nikahisi ile sentensi inarudi kooni, inashuka, inakaa. Bomba liliacha kudondosha. Nilimshukuru, akaondoka.

Jumatatu saa mbili na nusu alikuwa ameshakaa. Hakuwa ameacha daftari, maana hakuwa na njia nyingine anayoijua. Alikuwa amelifungua kwenye ukurasa mpya na kufuata kila hatua niliyomfundisha. Jumla ya bei za Ijumaa, elfu mbili na mia nne. Saruji imetoka mia mbili na arobaini kwenda mia na ishirini, kwa hiyo jumla mpya elfu mbili mia mbili na themanini. Mpya kwa ya zamani, sifuri nukta tisa tano. Tatu mara hiyo, mbili nukta nane tano. Alikuwa ameandika kwa mwandiko safi kuliko wangu. Alilinyanyua akaniletea mezani, na nikaona kidole chake kimeacha unyevu kwenye karatasi.

"Mama, nimefuata neno kwa neno. Liko sawa?"

Nilipitisha penseli juu ya kila mstari. Nilichukua muda wangu.

"Daftari liko sawa."

Halikuwa na kosa hata la nukta. Kigawanyo sahihi cha Jumatatu ile kilikuwa mbili nukta nane tano, na mashine ilikuwa tayari inacho tumboni.

"Basi nisainie hapa." Fomu ilikuwa na sehemu mbili, ya aliyekokotoa na ya aliyehakiki.

"Wewe ndiye mkuu," nilimwambia. "Saini mwenyewe."

Alinitazama kidogo, akatabasamu akidhani namtania, akasaini pote pawili. Kisha akaenda kwenye mashine, akaingiza sifuri nukta tisa tano. Mashine ikaizidisha na ilichokuwa nacho, kikawa mbili nukta saba na kitu. Kisu kimepita mara mbili kwenye mkate uliokatwa mara moja.

Kuna hatua ya mwisho ambayo haimo daftarini. Ukishaingiza, unakokotoa upya kwa bei za Ijumaa zilizokatwa, na lazima upate jibu la Ijumaa. Usipolipata, unasimamisha kila kitu. Sikuwahi kuiandika kwa sababu kwa miaka ishirini na sita hatua hiyo ilikuwa mimi.

Kengele iligongwa. Fahirisi iliyofunga Ijumaa kwenye mia nane ilifunguka kwenye mia nane arobaini na mbili.

Nilitaka atoe jasho kwa saa moja. Naapa hivyo, ingawa najua kiapo changu sasa kina thamani gani. Nilidhani itapigwa simu, atahangaika, atakuja mezani kwangu na kusema mama nisaidie, nami nitasimama polepole, nitaweka miwani, nitamwokoa mbele ya watu. Nilikuwa nimeshaona mpaka nguo atakayokuwa amevaa.

Simu hazikupigwa za aina hiyo. Mkurugenzi alishuka ngazi akiwa anakaribia kukimbia. "Pointi arobaini na mbili!" Alimkumbatia mwanangu mbele ya wapiga picha. Akawaeleza waandishi kwamba wananchi wameipokea hisa nafuu ya saruji kwa shangwe, na kwamba kijana huyu ndiye sura mpya ya soko. Watu wa habari wakaandika. Ukumbi mzima ulishangilia kitu ambacho hakikuwepo, na hakuna hata mmoja aliyechukua penseli kujumlisha namba kumi.

Mwanangu hakushangilia. Aliniangalia kutoka upande wa pili wa ukumbi, kakunja uso kidogo, kama mtu anayesikia harufu ya waya kuungua na haoni moshi. Mchana alikuja.

"Mama, arobaini na mbili si nyingi mno?"

"Soko ni soko," nilisema.

Jumanne nikasema leo nitamwambia. Lakini jana niliyonyamaza ilikuwa imeshaifunga njia, kwa kuwa angeniuliza kwa nini sikusema jana. Jumatano njia ilikuwa imefungwa zaidi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo ulikuja Jumatano hiyohiyo saa sita, kwa njia ya mwalimu mstaafu wa hisabati ambaye kumbe tangu siku ya kwanza ya soko alikuwa anapiga hesabu zetu nyumbani kwake, kwa starehe zake. Nilipokea simu mimi.

"Binti, mimi napata mia nane na tatu. Nyinyi gazetini mnasema mia nane arobaini na tano. Mmoja wetu amelewa, na mimi sinywi."

Saa nane tulikuwa kwenye ofisi yenye kapeti. Mkurugenzi alikuwa amelegeza tai. Mimi niliitwa kama mtaalamu, nieleze nini kimetokea, na nilieleza kwa dakika tatu, kwa ufasaha mkubwa, jinsi kigawanyo kilivyorekebishwa mara mbili. Mwanangu alisikiliza akiitazama fomu mezani, yenye saini zake mbili. Fundi alipigiwa simu, sauti ikawekwa wazi tusikie sote.

"Lakini mimi Ijumaa nilisema msiingize kitu," fundi alilalamika. "Nilimkuta hapo ofisini yule mama, nikam..."

"Nilipata ujumbe." Mwanangu alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa. Hakunitazama. "Nilipewa ujumbe wako Ijumaa hiyohiyo. Nikasahau."

"Haya," fundi akasema. "Kama mkuu anasema hivyo."

Nilikuwa na mdomo. Nilikuwa na ulimi usio na mfupa, uliokwisha kuongea dakika tatu bila kukwama. Mkurugenzi aligeuka akanitazama kama kuna la kuongeza, na nilitazama kapeti. Ilikuwa na doa la chai karibu na mguu wa meza. Nalikumbuka lile doa kuliko sura ya mdogo wangu.

Alhamisi yalitoka masahihisho. Fahirisi ikatangazwa kuanguka pointi zaidi ya arobaini kwa asubuhi moja, na magazeti yaleyale yakaandika kwa herufi kubwa zaidi. Sura mpya ya soko ikafukuzwa kazi kwa uzembe na kwa kusaini sehemu ya mhakiki kinyume cha utaratibu. Kwenye barua waliandika kwamba hatapewa hata ya utambulisho. Katika kazi yetu, mtu aliyeharibu kigawanyo haajiriwi tena mahali popote penye namba.

Na mimi, jioni hiyohiyo, nikaitwa. Mkurugenzi alinipa mkono.

"Mama, tulikosea. Uzoefu hauna mbadala. Kuanzia kesho kiti ni chako."

Nilisema asante. Neno lilitoka lenyewe.

Ijumaa nilifika mapema nikidhani nitamtangulia, nikamkuta. Vitu vyake vilienea kwenye mfuko mmoja. Kikombe, sweta, picha ya mahafali ambayo mimi na yeye tumesimama tumeshikana mikono na jua linatupiga machoni. Picha aliiacha juu ya meza, imelazwa kifudifudi. Akaweka pembeni yake funguo za kabati, kisha daftari langu.

Nilikuwa nimelala na maneno usiku mzima, mengi na mazuri. Nilianza.

"Mwanangu, siku ile..."

Alilifungua daftari kwenye ukurasa wa Jumatatu. Chini ya hesabu zake safi palikuwa na alama ndogo za penseli, tiki saba, moja kwa kila mstari, tiki zangu. Aliziangalia. Alilifunga na kulisogeza upande wangu wa meza kwa ncha za vidole, kwa adabu, kama anavyompa kitu mtu mkubwa asiyemfahamu sana.

"Nilikuuliza, mama mkubwa," alisema, akachukua mfuko wake.